Kipato cha msingi kwa wote: majaribio yamejibu swali lipi?

Kazi yangu ni kutathmini mipango ya hifadhi ya jamii, na karibu kila mjadala ninaoshiriki kuhusu kipato cha msingi, yaani fedha anazolipwa kila mtu mara kwa mara bila masharti, hufika mahali mtu akataja jaribio la Finland. Anayeunga mkono hulitumia kuthibitisha kwamba watu hawaachi kazi wanapopewa fedha bila masharti, na anayepinga hukumbusha kwamba muda wake ulipoisha serikali haikuliendeleza. Wote wawili wanalitwisha mzigo usiokuwa wake.

Mwaka 2017 na 2018, Kela, taasisi ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo, iliwalipa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kwa mwezi, na aliyepata kazi hakunyang'anywa malipo hayo. Katika kipindi cha mwaka mmoja kilichopimwa, walifanya kazi takriban siku 6 zaidi ya wenzao wa kundi la kulinganisha, nao walieleza kuwa na msongo mdogo wa mawazo. Hata siku hizo chache hazifasiriki kwa urahisi, kwa kuwa mwanzoni mwa 2018 masharti ya posho ya ukosefu wa ajira yalikazwa, na badiliko hilo liliwagusa zaidi waliokuwa nje ya jaribio. Kubwa kuliko hilo, wote waliochaguliwa walikuwa tayari wanapokea posho, na hakuna aliyeongezewa kodi ili wao walipwe.

Kipato cha msingi kwa wote kina upande wa kupokea na upande wa kulipia, na majaribio hupima upande wa kwanza tu. Nchini Kenya, tangu 2016, shirika la GiveDirectly limekuwa likiwalipa watu wazima wote katika vijiji kadhaa, baadhi yao kwa ahadi ya miaka 12, na watafiti hawakuona wapokeaji wakizembea. Waliona wengi wakipunguza kazi za ujira na kuanzisha shughuli zao wenyewe. Ninayaamini matokeo hayo, na kwa kaya maskini naona hoja ya uvivu haina tena pa kusimama. Hata hivyo, fedha zile zilitoka kwa wafadhili walio mbali na vijiji vile.

Upande wa kulipia ndio unaostahili muda wetu. Tuchukue nchi ambayo wastani wa kipato cha mtu kwa mwaka ni 100, nayo ikaamua kumpa kila mtu 20. Gharama ya jumla ni asilimia 20 ya pato lote, na wapinzani hukomea hapo wakisema haiwezekani. Lakini ikiwa fedha hizo zitapatikana kwa kodi ya asilimia 20 juu ya kila kipato, mwenye 40 atalipa 8 na kupokea 20, mwenye 100 atabaki alipokuwa, na mwenye 200 atalipa 40 na kurudishiwa 20. Kinachohama kweli kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni kidogo sana kuliko gharama ya jumla. Watetezi wako sahihi kulisema hili, ila husahau kwamba kodi hiyo inawekwa juu ya kodi zilizopo, na kwamba pale ambapo sehemu kubwa ya kipato hupatikana nje ya macho ya mamlaka ya kodi, mwenye 200 huenda asionekane kabisa.

Nchi iliyokaribia zaidi kulijaribu jambo hili kwa watu wake wote ni Iran, nami hushangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra. Mwishoni mwa 2010 serikali yake ilipunguza ruzuku ya nishati na mkate, bei zikapanda, na sehemu kubwa ya wananchi wakaanza kupokea rial 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Wanauchumi waliochambua takwimu za kaya hawakupata ushahidi kwamba watu kwa ujumla waliacha kazi. Kilichoudhoofisha mpango ule ni kwamba kiwango kile hakikufungamanishwa na bei: kilibaki palepale kwa miaka mingi huku mfumuko wa bei ukikimega, hadi malipo yaliyoanza kama nguzo ya kaya maskini yakawa hayanunui sehemu kubwa ya yale yaliyonunua mwanzoni.