Kwa nini dari la Kanisa la Mkunazini limepinda kama pipa?

Ukiingia Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, inua macho kabla hujatazama kitu kingine. Huoni boriti. Juu yako kuna dari moja refu lililopinda, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa juu ya kuta mbili. Kwa nini lilijengwa hivyo?

Tuanze na boriti zenyewe. Nyumba za mawe za mwambao ziliezekwa kwa miti ya mikoko. Mkoko ni mgumu na mchwa hauwezi kirahisi, ila haurefuki upendavyo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, hata za matajiri, ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama mita tatu hivi. Kulala humo ni raha tu. Kukusanya waumini wa kanisa kuu ni jambo jingine.

Mwenye kazi hiyo alikuwa Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana. Wapenzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, kilichochapishwa mwaka 1870. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale sokoni. Husimuliwa kwamba altare iko mahali ulipokuwa mti waliofungwa watumwa wakachapwa viboko. Duara la marumaru sakafuni ndiyo alama yake.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, kama majirani zake. Kwenye dari Steere akaacha desturi: akaagiza matumbawe yapondwe, yachanganywe na saruji, yawe zege. Sasa, zege lina tabia yake. Ukiliminya linavumilia sana, ukilivuta linapasuka. Dari bapa la zege tupu huvutika upande wa chini kwa uzito wake lenyewe, na ufa huanzia hapo. Leo tunalitia nondo. Lakini ukilipinda, kila kipande humwegemea jirani yake, uzito wote ukageuka kuwa mbano unaoteremka hadi ukutani.

Jaribu mwenyewe. Weka karatasi ngumu juu ya vitabu viwili vilivyoachana: inabonyea katikati. Sasa ipinde kwa juu, uibane kati ya vitabu hivyo: inabeba hata kalamu. Kisha sogeza kitabu kimoja kidogo, uone inavyolala chini. Hiyo ndiyo gharama ya dari la pipa: linazisukuma kuta nje saa zote, nazo lazima ziwe nene na nzito za kutosha kukataa kusogea.

Watu wengi wa wakati ule waliamini litaanguka. Ujenzi ulichukua kama miaka saba, Steere akafariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare, na dari lingali juu.

Humo ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ulioota mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Saa ya mnarani inasemekana ilitolewa na Sultani Barghash kwa sharti kwamba mnara usiipite Beit al-Ajaib, jumba lake la fahari, kwa urefu. Hadithi tamu, ingawa Beit al-Ajaib yenyewe ilikamilika mwaka 1883, kwa hiyo hesabu ya miaka ina walakini.

Ninachokipenda zaidi kiko upande wa nyuma, karibu na mlango: safu ya nguzo fupi ambazo kichwa kiko chini na kitako kiko juu. Inasimuliwa kuwa Steere alisafiri, mafundi wakazisimamisha walivyoona inafaa, na aliporudi akaziacha zilivyo. Na wala hazikuhitaji kupinduliwa: nguzo hubeba mzigo kwa mbano tu, na jiwe lililobanwa halina habari na juu wala chini.