Protini kujikusanya zenyewe maana yake nini? Tuangalie kwenye selimundu

Arusha ikishika baridi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, nenda kwenye nyumba yenye mtoto wa selimundu utakuta kavalishwa masweta mawili na bibi anakwambia baridi ndiyo inayomgandisha damu. Kumfunika yuko sahihi kabisa bibi, ila sababu siyo hiyo, na hapo ndipo palipo na utamu wa hii dhana.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo lake. Kwenye maji kila moja inaelea kivyake mpaka kitu kibadilike, iwe joto, asidi, chumvi au kipande cha mnyororo wenyewe, ndio zinaanza kushikana. Kuna kushikana hovyohovyo, kama ute wa yai ukichemshwa, joto limefumua mikunjo, minyororo imenasana na hairudi tena. Maziwa yakiwa mtindi ni ishu ya asidi, pH ikishuka kwenye 4.6 hivi kaseini, protini ya maziwa, inapoteza ile chaji iliyokuwa inazifanya zisukumane, zinagandana. Halafu kuna kushikana kwa mpangilio, protini haijafumuka wala nini, umbo lake zima, ila inajipanga na mwenzake na mwenzake mpaka inatoka kamba ndefu, bila mtu wa kuzipanga. Selimundu ni hii.

Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, ina minyororo 4, alfa 2 na beta 2. Kwa mgonjwa wa selimundu, asidi amino ya 6 kwenye beta, ambayo ilitakiwa iwe glutamiki yenye chaji na inayopenda maji, imekuwa valini isiyopenda maji. Ni hiyo tu! Mwanasayansi Vernon Ingram ndiye aliyeigundua tofauti hiyo miaka ya 1950. Hemoglobini ikiachia oksijeni, ile valini inapata kishimo kwenye hemoglobini ya jirani kinachoitosha, inajichomeka, na kamba inaanza, kamba nene yenye nyuzi 14 ndani yake inayoivuta chembe nyekundu mpaka ipinde kama mundu. Ikirudi mapafuni ikapata oksijeni, umbo linabadilika kidogo, haziingiani vizuri tena, kamba inayeyuka.

Sasa baridi. Chukua hemoglobini S, yaani hiyo ya selimundu, nzito isiyo na oksijeni, iweke kwenye tyubu ndani ya barafu, inabaki kimiminika. Ipashe ifike nyuzijoto 37, subiri, pindua tyubu chini juu: haimwagiki, imekuwa jeli. Irudishe kwenye barafu, inayeyuka. Yaani kinyume kabisa na alichosema bibi. Sababu ni kwamba sehemu isiyopenda maji inayalazimisha maji yanayoizunguka yakae kwa mpangilio, ikijificha ndani ya kishimo yale maji yanakuwa huru, entropi, yaani kipimo cha kukosa mpangilio, inapanda, na entropi inazidi kuwa na nguvu kadiri joto linavyopanda.

Kwa hiyo baridi inamuumizaje mtoto? Inabana mishipa, damu inapita polepole, na kwenye selimundu upolepole ndio hatari kwa sababu kamba haianzi papo hapo. Ni kama ukumbini kwenye harusi, MC anaita watu wacheze, wawili wakisimama wanaona aibu wanarudi kukaa, lakini wakishafika idadi fulani pale katikati hakuna tena anayebaki kwenye kiti. Hemoglobini chache zikishikana huachiana haraka, mpaka kwa bahati lipatikane kundi dogo lililo imara, kiini, hapo kamba inakimbia na nyingine zinaota ubavuni mwake. Muda wa kusubiri kiini ndio kila kitu. Chembe ikivuka kapilari, ile mishipa myembamba kabisa, safari ya kama sekunde moja hivi, kabla muda huo haujaisha, imepona, ikichelewa inagandia humo na mshipa unaziba.

Na muda wenyewe unategemea wingi wa hemoglobini ndani ya chembe kwa kipeo cha kama 30, yaani ni kama wingi umezidishwa kwa wenyewe mara 30 hivi, kitu ambacho kwenye kemia hukioni kila siku. Punguza wingi kwa asilimia 5 tu, muda unarefuka zaidi ya mara 4. Ndio maana madaktari wanasisitiza mgonjwa anywe maji mengi, chembe iliyokauka ina hemoglobini iliyosongamana, kiini kinapatikana chap. Dawa ya haidroksiyurea nayo inapita njia hiyohiyo, inaongeza hemoglobini ya kichanga ambayo haiingii kwenye kamba, na hemoglobini hiyo ya kichanga ndio sababu mtoto wa selimundu miezi yake ya mwanzo mara nyingi hana shida.

Mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ana hemoglobini S chini ya nusu, kiini kinachelewa sana kwake, anaishi kawaida tu hata hajijui. Ila anayepanda Kilimanjaro ajue kuwa kule juu oksijeni ni kidogo, na imesharipotiwa kwa watu wa AS kwenye miinuko mikubwa kipande cha bandama kufa kwa kukosa damu, kwa hiyo maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu yakianza ukiwa mlimani, shuka, usisubiri kilele.