Mlembe halipizi kisasi

Ukinunua asali ya Manyoni hapa Dodoma, muuzaji akiwa mzee utasikia na onyo: ukifuata mlembe, ndege anayeongoza watu hadi kwenye nyuki, ukaipata asali, mwachie masega, la sivyo kesho atakupeleka kwa nyoka au simba.

Si kweli. Wahadzabe wa bonde la Eyasi mara nyingi huchoma au huficha masega yaliyobaki, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Naye huendelea. Kama mzinga una nyoka, ni kwa sababu nyoka naye hupenda pango la mti.

Mlembe anajua nyuki walipo, ila moto na shoka hana. Mtu anavyo. Mtu hula asali, ndege hula nta, ambayo tumbo lake linaweza kuimeng'enya. Huko ni kufaidiana.

Lakini msimpe sifa zote. Mlembe huyohuyo hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremu. Kinda wake huanguliwa na mdomo wenye ndoano, huwaua makinda wa mwenye nyumba, kisha hulishwa peke yake. Huo sasa ni ukupe mtupu.