Chaja ya Gari la Umeme Nayo ni Mzani: Dhana Potofu Kuhusu Usajili na Ukaguzi wa Vituo vya Kuchajia

Mkulima wa viazi wa Njombe au Makete hahitaji kusomeshwa maana ya kipimo cha haki. Kwa miaka mingi ameuza gunia la lumbesa, lililoongezwa kichwa cha kushonea juu ya mdomo wake, kwa bei ya gunia la kawaida, na ndiyo maana kanuni za Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ziliweka ukomo wa kilo 100 kwa kila furushi la mazao na kutaka mazao hayo yapimwe kwa mzani. Ajabu ni kwamba watu wale wale wanaoilaani lumbesa, mazungumzo yakigeukia magari, bajaji na pikipiki za umeme, huiona mashine ya kuchajia kana kwamba imo katika habari nyingine kabisa. Mashine inayomuuzia mteja umeme kwa kipimo na bei ni mzani, ingawa haina sahani wala mawe. Nitazipitia hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara katika barabara hii ya Tunduma, Mbeya, Makambako na Iringa, nikizilinganisha na sheria zetu na mifano ya nchi zilizotangulia kuandika kanuni za chaja za biashara.

"Mita ya TANESCO imeshapima, kipimo cha pili cha nini?"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, nayo inastahili kujibiwa kwa utulivu kwa sababu ina sura ya ukweli. Mita ya Luku hupima mauzo kati ya TANESCO na mwenye kituo. Chaja hupima mauzo mengine kabisa, kati ya mwenye kituo na mwenye gari. Mwenye sheli pale Uyole hawezi kudai kwamba pampu yake isihakikiwe kwa kuwa lori lililomshushia mafuta lilikuwa limepimwa; mnunuzi wa lita tano hakuwapo wakati wa kushusha, na kinachomhusu ni kile kinachotoka kwenye bomba.

Tena, kati ya mita ya ukutani na plagi inayoingia garini, umeme hupungua. Chaja ya haraka hupokea mkondo geu (AC) kutoka kwenye gridi na kuugeuza kuwa mkondo mnyofu (DC), ule unaohifadhiwa na betri, ndani ya kabati lake, na kazi hiyo, pamoja na feni za kupooza na kioo cha maandishi, hula sehemu ya umeme, huku nyaya zenyewe zikipata moto. Mwenye kituo akimtoza mteja kwa kusoma mita ya ukutani, mteja atalipia joto la kabati ambalo halikuingia kwenye betri yake wala halikufika kwenye plagi. Kwa sababu hiyo Kitabu namba 44 cha taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ambacho majimbo mengi ya nchi hiyo hukifuata, hutaka umeme upimwe pale unapokabidhiwa kwa gari.

Chini ya kanuni za kitabu hicho, chaja ya mkondo geu inapoanza kazi hairuhusiwi kukosea zaidi ya asilimia 1, na inapokuwa kazini asilimia 2. Asilimia hizo huonekana ndogo mpaka mtu akae na kalamu. Tuseme chaja inazidisha hesabu kwa asilimia 4, mteja anasomewa uniti 30, na bei ni shilingi 600 kwa uniti. Katika shilingi 18,000 atakazolipa, karibu 700 ni za umeme ambao haukutoka. Magari 20 yakichaji hivyo kila siku, mwezi mmoja wa siku 30 unapita shilingi 400,000, na hakuna dereva hata mmoja atakayekuwa amehisi lolote. Mnunuzi wa viazi huweza kulipapasa gunia na kukiona kichwa cha lumbesa. Umeme haupapaswi, na kwa hiyo mteja wake anamhitaji mkaguzi kuliko mteja wa bidhaa nyingine yoyote.

"Nimeshasajili biashara, basi nimeshakaguliwa"

Usajili hueleza ni nani anamiliki kifaa, kipo wapi, na nani ataitwa kikileta matatizo. Ukaguzi hueleza kama kifaa hicho hupima sawasawa. Mwenye kituo anaweza kuwa na jina lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri, na katika karatasi zote hizo lisiwemo hata neno moja kuhusu usahihi wa uniti zake.

Utaratibu wa California unaonyesha vizuri jinsi hatua hizi zinavyofuatana. Kwanza modeli ya chaja hupimwa na kuidhinishwa. Kisha wakala wa huduma aliyesajiliwa hukisimika kifaa chenyewe, hukipima na kutoa taarifa kwamba kimeanza kazi. Kifaa husajiliwa katika kaunti, na afisa vipimo wa kaunti huja kukijaribu na kukitia lakiri. Kanuni hizo zilianza kuzibana chaja mpya za mkondo geu zilizosimikwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021, na zile za mkondo mnyofu kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Zile zilizokuwapo kabla ya hapo zilipewa muda hadi 2031 na 2033. Nauona mpangilio huo wa muda kuwa wa busara, kwa kuwa haukumwadhibu mtu aliyewekeza mapema, na wala haukumwachia aendelee milele na kifaa kisichopimwa.

Kutokana na hatua hizo inaonekana pia kwa nini cheti cha kiwandani hakitoshi. Idhini ya modeli husema kwamba chaja za aina ile zinaweza kupima vizuri. Haisemi lolote kuhusu chaja hii moja iliyosafirishwa kwa meli, ikapandishwa Kitonga juu ya lori, kisha ikafungwa na fundi ambaye huenda alikaza nati moja na kuisahau nyingine. Kwetu hapa, Wakala wa Vipimo hufuata mantiki hiyo hiyo kwa mizani na pampu za mafuta: kila kifaa huhakikiwa peke yake, hupewa stika, sehemu ya kurekebishia hutiwa lakiri, na uhakiki hurudiwa walau mara moja kwa mwaka. Lakiri ikikatwa kwa ajili ya matengenezo, uhakiki wa awali umekwisha thamani, hata kama stika bado inang'aa.

"Fundi amekagua waya, inatosha"

Hapa mambo mawili yanachanganywa, usalama na kipimo. Chaja inaweza kuwa salama kabisa na bado ikaiba, na inaweza kupima kwa usahihi wa ajabu huku ikiwa tayari kumuua mtu siku ya mvua. Kazi ya kufunga mifumo ya umeme hapa nchini hufanywa na mafundi wenye leseni ya EWURA, ubora wa vifaa ni eneo la Shirika la Viwango, TBS, tahadhari za moto katika majengo ya biashara hukaguliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na vipimo vya biashara ni vya Wakala wa Vipimo. Kila mmoja huangalia upande wake, na hakuna anayeweza kumsainia mwenzake.

Upande wa usalama una jambo moja ambalo wenye vituo wa nyanda za juu wanapaswa kulizingatia kuliko wenzao wa pwani. Erthi ya chaja hutegemea unyevu wa udongo. Ikipimwa Machi, katikati ya mvua, inaweza kutoa majibu mazuri, halafu ifikapo Septemba au Oktoba udongo umekauka na ukinzani umepanda. Mwenye kituo makini atamwomba fundi apime tena mwishoni mwa kiangazi. Vilevile chaja lazima iwe na kifaa kinachokata umeme mara mkondo unapovuja kwenda ardhini, kwa kawaida kikiwa kimewekwa kwenye miliampia 30, na kifaa hicho kina kitufe cha majaribio ambacho mhudumu anapaswa kukibonyeza mara kwa mara.

"Mashine ya kidijiti haidanganyi"

Mashine husema ilichoambiwa kusema. Mzani wa sahani huchezewa kwa sumaku au jiwe lililochongwa, na chaja huchezewa kwa kubadilisha namba moja ndani ya programu yake, tena pengine na mtu aliyekaa mbali na kituo. Ndiyo sababu Ujerumani, chini ya sheria yake ya vipimo, hutaka rekodi ya kila tendo la kuchaji iwekewe saini ya kidijiti, ili mteja aweze baadaye kuhakiki kwamba uniti zilizo kwenye ankara ndizo zilizotoka kwenye mita ya chaja. Lakiri ya risasi na lakiri ya programu zina kazi moja.

"Gari langu limeonyesha pungufu, kwa hiyo nimeibiwa"

Nawaonea huruma wahudumu wa vituo kwa lawama hii, maana mara nyingi si yao. Chaja hupima kinachotoka kwenye plagi, ilhali kioo cha gari huonyesha kilichohifadhiwa kwenye betri. Kati ya hapo kuna upotevu: kwa mkondo geu, kifaa kilicho ndani ya gari ndicho hugeuza umeme, na joto lake ni gharama ya mwenye gari. Upotevu wa takriban sehemu moja ya kumi ni wa kawaida. Aliyelipia uniti 20 akaona 18 kwenye kioo chake hana kesi. Mkaguzi haamui ugomvi wa namna hiyo kwa kutazama asilimia za betri. Huchomeka mita yake rejea, yaani mita iliyothibitishwa usahihi, kati ya chaja na gari, au kati ya chaja na mzigo wa majaribio, kisha hulinganisha namba mbili.

"Kutoza kwa dakika ni sawa na kutoza kwa uniti"

Si sawa hata kidogo, na anayeumia zaidi ni mwenye gari kuukuu. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, ilipokea umeme wa mkondo geu kwa kasi ya kilowati 3.3, na baadaye zikaja zenye uwezo wa kilowati 6.6. Kituo kikitoza shilingi 100 kwa dakika, kila dereva atalipa 6,000 kwa saa, lakini mmoja ataondoka akiwa amenunua uniti kwa takriban shilingi 909 na mwingine kwa shilingi 1,818. Ni umeme uleule na plagi ileile. Ongeza baridi ya Juni na Julai. Betri iliyolala nje usiku kucha Makambako au Njombe hupokea chaji ya haraka polepole kwa sababu kemia yake imezubaa, na Leaf hizo za zamani hazina mfumo wa kuipasha betri kwa kimiminika kama magari mengi ya sasa. Kwa utaratibu wa dakika, dereva huyo analipia baridi. Nchini Uingereza kanuni za vituo vya umma za 2023 zilitaka bei itajwe kwa uniti. Ada ya kuegesha, au ya kuacha gari limechomekwa baada ya betri kujaa, inaweza kuwapo, ila kanuni za Marekani hutaka ionyeshwe peke yake isijifiche ndani ya bei ya umeme.

"Kila mwenye chaja lazima aisajili"

Kanuni za vipimo hufuata mauzo. Chaja ya nyumbani, ya kampuni inayochaji magari yake yenyewe, au ya hoteli inayowapa wageni umeme bure, haimo katika kanuni za chaja za biashara za California. Masharti ya usalama hubaki palepale, lakini siku hoteli hiyo itakapoanza kuandika uniti kwenye bili ya mgeni, chaja yake itakuwa kifaa cha biashara.

"Kubadilisha betri hakuhusiani na vipimo"

Kwa bodaboda za umeme, biashara ya kubadilisha betri inaweza kuenea haraka kuliko plagi, na Kenya ilitambua hilo pale mamlaka yake ya nishati, EPRA, ilipoweka vituo vya kuchajia na vya kubadilishia betri katika mwongozo mmoja mwaka 2023. Betri iliyozeeka huonyesha asilimia 100 ikiwa imebeba uniti chache kuliko mpya, kwa hiyo neno "imejaa" si kipimo. Kipimo ni uniti zilizomo katika betri inayotolewa, ukiondoa zile zilizobaki katika betri inayorudishwa, na dereva aliyerudisha robo anapaswa kuona robo hiyo ikipunguzwa kwenye risiti yake.