Maneno yasiyoonekana kwenye filamu

Wengi bado wanaamini kwamba tangazo linaweza kupenya akilini kwa maneno yanayopita kasi kuliko jicho. Imani hiyo ilivuma kutokana na James Vicary, mtafiti wa masoko wa Marekani. Mwaka 1957 alidai kwamba katika sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, alimulika juu ya filamu maneno ya kuwahimiza watazamaji wale bisi na kunywa Coca-Cola, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na mauzo yakapanda. Mwaka 1962 alikiri kwamba takwimu zake hazikutosha kuthibitisha lolote. Ajabu, kukiri kwake hakukuvuma.

Matangazo yanayofanya kazi wala hayajifichi. Jina hurudiwa mpaka ulizoee, na bima ya maisha huelekezwa kwa aliyepata mtoto juzijuzi.