Kukata laini si kuzuia simu: dhana potofu kuhusu fli4l na imonc

fli4l ni mfumo mdogo wa Linux uliozaliwa Ujerumani, enzi ambazo intaneti ya nyumbani ilipita kwenye laini ya ISDN, yaani laini ya simu ya kidijitali: ruta iliipigia simu kampuni ya intaneti, na simu hiyo ikalipiwa kwa dakika. Matoleo yake ya zamani, ndiyo yanayozungumziwa hapa, yalienea kwenye disketi moja ya MB 1.44, na kompyuta kuukuu yenye prosesa ya 486 ilitosha kuwa ruta ya nyumba nzima. Ndani ya ruta hukaa imond, programu inayosimamia laini na kupokea amri kwenye poti 5000. Kwenye kompyuta yako unafungua imonc, programu ya kuongea na imond; kwenye Linux ni ya maandishi matupu na huendeshwa ndani ya terminali. Wengi huchanganya kazi ya hawa wawili, na bili ya simu ndiyo hupanda.

Dhana: Nikifunga imonc, simu inakatika.
Anayepiga simu ni ruta. imonc hupeleka amri na kuonyesha hali ya laini, basi. Ukiifunga, au hata ukizima kompyuta yako, laini hubaki wazi hadi muda wa ukimya uliowekwa kwenye HUP_TIMEOUT uishe.

Dhana: Amri ya `hangup` inafunga intaneti.
Hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote. `hangup` hukata simu iliyopo tu. Kama ruta iko kwenye hali ya `auto`, yaani ya kupiga yenyewe, pakiti yoyote (kipande cha data) itakayotaka kutoka nje baada ya hapo itaifanya ipige tena, na simu ya ISDN huunganishwa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo huenda usigundue. Pakiti hiyo si lazima itoke kwa mtu: programu ya barua pepe inayokagua sanduku kila dakika 10 inatosha, na vivyo hivyo kompyuta ya Windows inayoulizia majina kupitia poti 137 hadi 139. Swali moja la DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, likienda nje, simu imepigwa.

Ili laini itulie, badilisha hali kwanza, kisha ukate. Hata bila imonc inawezekana kwa telnet, programu ya kuandikia kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwa sababu imond hupokea amri za maandishi ya kawaida:

`telnet 192.168.6.1 5000`
`pass nywila-yako`
`dialmode manual`
`hangup`
`quit`

Weka anwani ya ruta yako badala ya hiyo. Jibu linaloanza na `OK` maana yake amri imepokelewa. Likianza na `ERR` imekataliwa, mara nyingi kwa sababu nywila ni mbaya au huna ruhusa. Kwenye `manual` ruta hungoja umpe amri ya `dial`. Kwenye `off` haipigi kabisa, hata ukiiamuru. Ukigeuza mpangilio, yaani ukakata kwanza na kubadilisha hali baadaye, pakiti moja inaweza kupenya katikati na simu ikapigwa upya.

Kumbuka pia kwamba ruta ikizimwa na kuwashwa hurudi kwenye DIALMODE iliyoandikwa kwenye disketi. Uliyoyabadilisha kwa imonc hayahifadhiwi. Kama unataka `manual` kila siku, iandike kwenye mipangilio na utengeneze disketi upya. Poti 137 hadi 139 nazo zizuie hukohuko kwenye vichujio vya ruta. Kuhangaika na kila kompyuta ya nyumbani ni kazi isiyoisha.

Dhana: Gharama inayoonyeshwa ndiyo bili.
Ni hesabu ya ruta yenyewe, kutokana na bei ulizoandika wewe kwenye jedwali la saa na urefu wa kipindi cha malipo, CHARGEINT. Kikiwa sekunde 60, simu ya sekunde 61 huhesabiwa dakika mbili. Kama kampuni yako inatoza kwa sekunde, ruta itakuonyesha zaidi ya unachodaiwa. Kabla ya kulilaumu jedwali, tazama saa ya ruta. Betri ya ubao mama wa kompyuta kuukuu hufa, saa inapotea, na bei ya usiku inatumika mchana. Mbaya zaidi, jedwali hilo ndilo huamua saketi ipi, yaani muunganisho wa kampuni ipi, itumike saa ipi, hivyo saa mbovu inaweza kukupigia simu kwa kampuni ya bei ghali.

Dhana: Nikiweka nywila, niko salama.
Nywila husafiri wazi kwenye mtandao. Yeyote anayeweza kunasa pakiti za nyumbani ataisoma. Hivyo poti 5000 isifunguliwe kamwe upande wa intaneti. Weka nywila mbili tofauti: IMOND_PASS kwa watumiaji wa kawaida na IMOND_ADMIN_PASS yako mwenyewe. Kisha amua kwa IMOND_DIAL, IMOND_ROUTE na IMOND_REBOOT wale wa kawaida waruhusiwe nini. Kupiga na kukata simu wape. Kuwasha ruta upya usiwape, maana atakayejaribu atawakatia wote waliomo ndani ya nyumba.