Vanishi ikigeuka nyeupe, usiongeze vanishi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Gungu, hapa Kigoma, aliingia kwangu amekumbatia katoni ya sabuni kama mtu aliyebeba trei ya mayai. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, fungua tuone." Ndani mlikuwa na sanamu ya joka la rezini, ile plastiki ngumu ya kumimina, mabawa yake karibu sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, magamba yamepakwa moja moja kwa brashi nyembamba. Kazi ya miezi miwili, na kazi nzuri. Lakini joka zima lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, kama limesimama karibu na mtu anayepepeta unga wa muhogo. Nikamuuliza alifanya nini alipouona ule weupe. "Niliongeza vanishi, fundi. Mikono miwili."

Ni mtu wa nne msimu huu kunipa jibu hilohilo. Mmoja alifika na shetani, mwingine na shujaa mwenye panga, na wa tatu alikuwa na zimwi kubwa kuliko paka. Wote waliona weupe, wakadhani vanishi haikutosha au rangi ya chini imeharibika, wakapuliza tena saa ileile, mahali palepale. Kwa hiyo leo nalieleza hili kwa kirefu.

Weupe huu ni wa aina mbili, na kila mmoja una chanzo chake.

Wa kwanza unaletwa na hewa. Vanishi ya kopo la kupulizia ina kimiminika kinachoruka haraka sana, na kikiruka kinaondoka na joto. Uso wa sanamu unapoa ghafla kuliko hewa iliyouzunguka, na unyevu wa hewa unatua juu yake kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Vitone hivyo vinanaswa ndani ya vanishi kabla haijakaza. Maji yakishatoka, vinabaki vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukivigonga unatawanyika. Kinachoonekana cheupe ni mwanga uliovunjika. Rangi yako iko palepale ulipoiacha.

Sasa fikiria Kigoma kati ya Novemba na Aprili. Mvua imekatika saa tisa, ziwa liko mlango wa pili, nguo zimeshinda kwenye kamba na bado ni mbichi. Mtu anachukua kopo, anatoka uani, anapuliza. Hata vanishi ya bei ghali itageuka nyeupe. Ukiongeza mkono wa pili katika hewa hiyohiyo, umeongeza vishimo vingine juu ya vile vya kwanza.

Weupe wa pili unatoka ndani ya kopo lenyewe. Vanishi ya mati, yaani isiyong'aa, inafifishwa na unga laini sana wa silika uliochanganywa ndani yake, na unga huo huzama chini kopo likikaa. Usipotikisa vizuri, inaweza kutoka vanishi inayong'aa, au vanishi iliyojaa unga kupita kiasi. Tikisa dakika mbili nzima, uhesabu baada ya kusikia gololi iliyo ndani ya kopo inacheza kwa uhuru. Umbali nao una neno lake. Ukisimama mbali mno, matone yanakauka angani na kutua yakiwa vumbi. Mwenzangu wa Tabora anakutana na huu zaidi kuliko mimi, kwa sababu kiangazi chao ni kikavu na kina upepo. Sentimita 20 hadi 30 zinatosha, mkono wako ukitembea bila kusimama sehemu moja.

Kabla ya kukata tamaa, fanya jaribio la maji. Nililifanya mbele ya yule kijana. Nilichovya brashi safi kwenye maji, nikaipitisha taratibu kwenye shingo ya joka. Pale ilipopita, kijani kilirudi kizito kabisa, na chini ya kila gamba ukaonekana mstari mwembamba wa rangi ya kutu alioupaka kwa mkono wake. Maji yalipokauka, weupe ukarudi. Yule kijana alishusha pumzi. Maana yake ni kwamba rangi ya chini ni salama na ubaya uko juu tu: maji yalijaza vile vishimo, mwanga ukapita tena.

Kwa hiyo dawa yake ni kitu kitakachojaza vishimo na kubaki humo. Acha sanamu ikae siku nzima mahali pakavu. Paka mkono mmoja mwembamba wa vanishi ya akriliki inayong'aa, ile ya maji, kwa brashi laini au bunduki ndogo ya rangi. Jaribu kwanza chini ya kitako, pasipoonekana. Mara nyingi weupe unayeyuka ukiangalia. Najua hukutaka sanamu ing'ae. Vumilia. Subiri siku nyingine, kisha rudisha mati kwa mkono mmoja mwepesi, siku ambayo nguo zilizoanikwa asubuhi zimekauka kabla ya saa sita. Kipimo changu ni kamba ya nguo, hakijawahi kuniangusha. Saa nzuri ni kati ya saa nne na saa saba mchana, umande umeondoka na mvua ya jioni haijafika. Kama huwezi kusubiri siku kavu, achana na kopo, tumia vanishi ya maji kwa brashi. Na kila mara puliza kwanza kwenye kijiko cha plastiki, saa hiyohiyo na mahali hapohapo. Kijiko kikigeuka cheupe, sanamu irudi kabatini.

Isipokuwa kama ni unga uliotua mzito hadi ukipitisha kidole unahisi chembe. Huo vanishi inayong'aa haiufuti wote. Utasugua taratibu kwa msasa laini kabisa uliolowa, na penginepo utapaka rangi upya.

Kuna wanaoambiana wapake mafuta ya kula. Ni kweli mafuta yanaficha weupe, kwa sababu ileile ya maji, ila hayakauki. Baada ya hapo hakuna rangi wala vanishi itakayoshika, na vumbi lote la barabara litanata. Mteja wangu mmoja alitumia mawese, na jitu lake la theluji likabaki na rangi ya machungwa kwenye mikunjo yote ya joho. Tafadhali, msifanye hivi.

Kauli nyingine ninazozisikia nazipitia haraka.

"Rezini ni mpya, haihitaji kuoshwa." Inahitaji. Sanamu iliyomiminwa kwenye kalibu hutoka na mafuta yaliyopakwa ili isigande humo, na rangi ikipakwa juu yake itabanduka kama ganda la kitunguu, hata iwe rangi gani. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha ikauke kabisa. Iliyochapishwa na mashine ni jambo jingine: hiyo kwa kawaida huoshwa kwa spiriti ya isopropili na kukazwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kama bado inanata vidoleni, usiipake chochote.

"Praima nene ndiyo inayoshika." Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ikiwa nene inaziba kope za macho na nyufa za meno, na hivyo ndivyo ulivyolipia. Mikono miwili myembamba.

"Anika juani ikauke upesi." Rezini hulegea kwa joto. Upanga ulionyooka asubuhi unaweza kuwa umepinda jioni, hasa ukiiacha sanamu ndani ya gari lililofungwa. Ila joto hilohilo linakusaidia: kabla hujapaka rangi, tumbukiza upanga uliopinda kwenye maji ya moto yasiyochemka, unyooshe polepole, kisha uingize kwenye maji baridi.

"Tina ni tina." Hapana. Tina ya rangi za magari inaivuruga akriliki ya maji, inaweza kuikunja na kuipasua. Rangi ya maji huzimuliwa kwa maji au kwa kimiminika chake yenyewe.

"Supa gluu inatosha kushika bawa." Inatosha kwa wiki moja. Bawa zito litadondoka siku mtu akigonga meza. Toboa pande zote mbili, weka kipande cha waya wa milimita 1.5 au 2, ndipo utie gundi. Na usiimwage nyingi, maana mvuke wake nao unaacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na watu huja kuilaumu vanishi.

La mwisho linanikera kwa sababu linahusu mapafu. "Vumbi la rezini ni kama vumbi la mbao tu." Vumbi la mbao lenyewe halina wema, waulizeni maseremala wanaokohoa. La rezini ni laini zaidi, linazama ndani. Lowesha msasa, sugulia kwenye maji, vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini. Kitambaa hakitoshi. Na usisugulie jikoni wala chumba anacholala mtoto.

Joka la yule kijana nimebaki nalo. Alhamisi nililipaka vanishi inayong'aa, weupe wote ukaondoka, hata kwenye ngozi nyembamba ya mabawa nilikoogopa zaidi. Liko juu ya kabati, linang'aa kuliko mwenyewe anavyotaka. Ananipigia kila asubuhi kuuliza kama mati tayari. Leo nimechungulia uani, shuka nililoanika jana bado lina maji kwenye pindo, nikamwambia asubiri.